Mito Miwili na Bandari Moja

Ndugu wanachama, chama chetu kikuu kinapotimiza miaka 10, yafaa tukumbuke safari ya mazao yetu baada ya kutoka ghalani. Wengi wetu twaijua vema njia ya kutoka shambani hadi mnadani. Lakini njia ya kutoka mnadani hadi melini twaidhani kuwa ni shughuli ya watu wengine. Historia ya nchi yetu yaonyesha kwamba sivyo.

Uwanda wa juu wa Makonde umekaa baina ya mito miwili. Kusini yake wapita Ruvuma, na kaskazini wapita Lukuledi, uteremkao kutoka pande za Masasi hadi Lindi. Mito yote miwili huingia baharini, na yote miwili iliwatia tamaa wenye vyombo.

Dakta Livingstone alitafuta katika Ruvuma njia ya maji ya kufikia nchi za Nyasa bila kupita katika milki ya Wareno. Mwaka 1861 aliingia mtoni na meli ya moshi iitwayo Pioneer. Meli hiyo ilizama futi 5 majini, hali iliyohitajiwa ni ya futi 3 tu. Baada ya kwenda yapata maili 30, maji yakaanza kupungua, naye akageuka upesi asije akakwama mchangani. Mwaka 1862 alirudi na mashua, akapanda maili 156 kwa kufuata mizunguko ya mto, hata miamba ikamzuia. Tangu hapo Ruvuma ulibaki mto wa mitumbwi. Leo watu na magari huuvuka kwa Daraja la Umoja, Mtambaswala, lililofunguliwa mwaka 2010.

Lukuledi ulikuwa na bahati kubwa zaidi. Mahali unapokutana na bahari pana hori pana, na kando yake mji wa Lindi. Hapo majahazi yalitia nanga kwa kufuata majira ya kaskazi na kusi, yakachukua pembe na mpira, na, kwa aibu ya zama zile, hata wanadamu. Askofu Steere alishukia Lindi mwaka 1876, akiwa na watu waliokombolewa utumwani, wakaenda kwa miguu hadi Masasi. Meli kubwa zilipoanza kuja, zilisimama kwenye maji ya kina, na mizigo ikapelekwa kwa matishali. Kazi ilitegemea maji kujaa na kupwa: makuli walipakia gunia kutoka pwani hadi kwenye tishali, kisha likapakiwa tena kutoka tishali hadi melini. Gunia moja lilibebwa mara mbili, na gharama yake ikawa hivyo hivyo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga, ikachagua Nachingwea kuwa mojawapo ya mashamba yake. Kwa kuwa hapakuwa na bandari ya kutosha, gati la muda lilijengwa Mkwaya, ndani ya hori la Lukuledi, na mwaka 1949 reli ikafika Nachingwea kutoka huko. Wakati huohuo ilianza kujengwa bandari ya kudumu Mtwara, penye ghuba yenye kina. Lakini mwezi Januari 1951 mpango wa karanga ulitangazwa kuwa umeshindwa, baada ya kupoteza zaidi ya pauni milioni 35. Bandari ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954, karanga zilizokusudiwa hazipo. Reli ilifikishwa Masasi mwaka 1958, lakini mapema katika miaka ya 1960 ikafungwa, na vyuma vikang'olewa. Gati na reli vilitangulia, mzigo ukakosekana.

Ni nani basi aliyeiokoa bandari? Ni mkulima mdogo wa Newala, Masasi na jirani zao, kwa jembe lake na mikorosho yake. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna yapata tani 145,000 za korosho, na sehemu kubwa ilitoka kusini. Mavuno yalipoanguka baadaye, gati nalo lilipoa. Yalipoinuka tena, meli zikarudi. Gati la kwanza, lenye mita 385, sasa limeongezewa jingine la mita 300.

Hapa pana fundisho kwetu sote. Bandari haiishi kwa kina cha maji peke yake. Huishi kwa mzigo wa uhakika. Meli haiji kuchukua ahadi. Mzigo ukichelewa, ukiwa mchafu au ukiwa na unyevu, meli hungoja, na kungoja kwake kuna malipo. Korosho zikisafirishwa kwa lori hadi Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 550, mnunuzi huihesabu nauli hiyo kabla hajataja bei mnadani. Kwa hiyo kazi ya bandari huanza kwa mkulima anikaye korosho zake vizuri, kwa karani apimaye kwa haki, na kwa kiongozi atoaye mzigo ghalani kwa wakati.

Haba na haba hujaza kibaba, na gunia kwa gunia hujaza meli. Waliotutangulia walijenga gati bila mazao. Sisi tunayo mazao na tunalo gati. Yatupasa tuvitunze vyote viwili.