Mwanya wa Vidole Viwili: Historia ya Madigadi ya Baiskeli

Wahenga walisema, vyaelea, vimeundwa. Methali hii hutukumbusha kuwa kila chombo kipitacho mbele ya macho yetu, kiwe jahazi au kiwe baiskeli, kina mkono uliokiunda na fikira iliyoutangulia mkono huo. Kwa sababu hiyo utamaduni wa watu hausomwi katika ngoma na mashairi yao peke yake. Husomwa pia katika vipimo vya vyombo vyao vya kila siku: ukubwa wa mtungi, urefu wa mpini wa jembe, upana wa mlango. Katika makala haya tunakusudia kuutazama mwanya mmoja mdogo, nao ni ule ulio baina ya tairi ya baiskeli na fremu yake, mahali ambapo madigadi hukaa. Mwanya huo ulianza ukiwa mpana, ukabanwa hata madigadi ikakosa pa kupita, kisha ukaanza kufunguliwa tena. Walioubana walikuwa na mtu fulani katika fikira zao, na waliouacha wazi walikuwa na mtu mwingine.

Kwanza hatuna budi kuieleza kazi ya madigadi. Gurudumu lipitapo juu ya njia iliyolowa, tairi huyachukua maji na matope na kupanda nayo. Maji hayo hayazunguki pamoja na tairi hata mwisho, bali huachia njiani na kurushwa kwa mstari ulionyoka. Yale ya gurudumu la nyuma humpiga mwendeshaji mgongoni, na mengine humfikia yule anayemfuata. Yale ya gurudumu la mbele hulowesha miguu na kuutia mchanga mnyororo, nao mchanga huo husaga meno ya chuma kama tupa isagavyo msumari. Basi madigadi ni ngao ya mambo matatu: nguo za mwendeshaji, uhai wa mashine, na uso wa mwenzake aliye nyuma. Jambo hili la tatu ndilo lisahauliwalo upesi, maana mwenye kurusha matope hayaoni yanakoangukia.

Baiskeli ya umbo tunalolijua leo, yenye magurudumu mawili yanayokaribia kulingana na mnyororo uvutao gurudumu la nyuma, ilipata kuenea baada ya mwaka 1885, John Kemp Starley alipotoa baiskeli yake iliyoitwa Rover katika mji wa Coventry, Uingereza. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alipata hataza ya tairi ya upepo. Mambo haya mawili yaliitoa baiskeli mikononi mwa vijana wachache wenye kupenda hatari, yakaitia mikononi mwa karani, fundi, mwalimu na mama wa nyumbani. Lakini barabara za siku zile zilikuwa za kokoto na udongo, zikipitwa na farasi mchana kutwa, na mchanganyiko wa matope na samadi haukuwa kitu cha kwenda nacho kazini. Wanawake, ambao katika miaka ya 1890 waliipokea baiskeli kwa wingi, walivaa nguo ndefu zilizofika chini. Ndipo madigadi ikawa sehemu ya kawaida ya baiskeli ya njiani, pamoja na kisanduku cha kufunika mnyororo na wavu wa kuzuia nguo zisinaswe na spoku. Huko Uholanzi vifuniko hivyo vingalipo katika baiskeli nyingi hata leo.

Baiskeli hiyo ya Kiingereza ndiyo iliyotufikia sisi Afrika ya Mashariki. Raleigh ya Nottingham na nyinginezo za namna yake, na baadaye Phoenix ya Shanghai na Hero ya India zilizofuata umbo lile lile, zilikuwa na tairi nene, breki za vyuma virefu, na madigadi kamili za bati mbele na nyuma. Mwanya wake ulikuwa mpana. Aghalabu mtu aliweza kupitisha vidole viwili juu ya tairi. Upana huo haukuwa uzembe wa waundaji. Uliwekwa ili tairi nene ipite, ili madigadi ikae, na ili matope yasizibe njia ya gurudumu. Yeyote aliyeendesha baiskeli katika udongo wa mfinyanzi wakati wa masika anajua kuwa hata mwanya huo wakati mwingine hautoshi, na kuwa kijiti cha kuchokolea matope ni chombo cha safari. Baiskeli hizi zilibeba magunia ya mkaa, mikungu ya ndizi, mitungi ya maji na wagonjwa. Huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ndiko zilikobeba abiria kwa malipo na kuzaa jina la bodaboda. Abiria aketiye juu ya gurudumu la nyuma akiwa na nguo yake safi hahitaji kufundishwa faida ya madigadi.

Huko Ulaya, hata hivyo, baiskeli ilikuwa imekwisha kugawanyika njia mbili: ya kazi na ya mashindano. Mbio za Paris hadi Brest na kurudi, zenye mwendo wa kilomita zipatazo 1,200, zilianza mwaka 1891, na Tour de France ilianza mwaka 1903. Mshindani hutaka wepesi, na kila kipande asichokihitaji hukitupa. Lakini kwa muda mrefu mgawanyiko huo haukuwa mkali. Katika Uingereza ya miaka ya 1930 hadi 1950, vijana wengi wa vyama vya baiskeli, waliokuwa wafanyakazi wa viwanda na maofisi, walikuwa na baiskeli moja tu. Katikati ya juma waliiendesha kwenda kazini. Siku ya mashindano waliiendesha hadi mahali pa kuanzia, magurudumu ya mbio yakiwa yamefungwa ubavuni mwa gurudumu la mbele. Huko walifungua madigadi, wakabadili magurudumu, wakashindana, kisha wakazifunga tena na kurejea kwao. Kiwanda cha Bluemel katika kijiji cha Wolston, karibu na Coventry, kilitengeneza madigadi za seluloidi, nyepesi kuliko za bati, zilizowafaa watu wa namna hii. Ufaransa nako, mafundi kama René Herse na Alex Singer waliunda baiskeli za safari ndefu zilizokuwa nyepesi na zenye kasi, lakini zikiwa na madigadi za alumini zilizopangwa tangu fremu ilipokuwa ikichomelewa. Kwao madigadi haikuwa kiraka cha baadaye, bali kiungo cha mwili.

Katika vyama hivyo vya Uingereza kulizaliwa desturi moja inayostahili kutajwa katika kitabu cha utamaduni. Wakati wa baridi, wanachama wakienda kwa msafara, kila mmoja alitakiwa awe na madigadi kamili, na ile ya nyuma iongezwe kipande cha mpira kinachoshuka karibu na ardhi. Asiyekuwa nayo alitakiwa akae mwisho wa mstari, ambako hapana mtu wa kumrushia matope. Desturi hiyo ingalipo katika vyama vingi. Hapo tunaona jinsi kipande cha mpira kinavyoweza kuwa adabu.

Mwanya ulibanwa kwa nguvu katika nusu ya pili ya karne ya 20. Barabara za lami zilikuwa zimeenea, tairi za mbio zikawa nyembamba, na waundaji wakaisogeza fremu karibu na tairi ili baiskeli iwe fupi, ngumu na nyepesi ya kugeuka. Breki nazo zikafupishwa. Breki fupi za mbio hufikia rimu kwa urefu wa milimita 39 hadi 49 kutoka kwenye bolti yake, ilhali zile za baiskeli ya matembezi hufikia milimita 47 hadi 57. Tofauti hiyo ya milimita 8 ni ndogo katika rula ya mwanafunzi, lakini katika mwanya wa baiskeli ni kama tofauti ya mlango na dirisha. Hata ilipofika miaka ya 1990, baiskeli nyingi za mbio zilikuwa zimepimwa kwa tairi ya milimita 23, na juu ya tairi hiyo zilibaki milimita chache tu. Hata vitundu vya skrubu vya kufungia madigadi viliondolewa katika nyingi miongoni mwao.

Kwa bingwa wa mashindano hapana kosa hapo, maana gari la timu humfuata na nguo kavu humngoja. Tatizo ni kuwa baiskeli hiyo hiyo iliuzwa kwa umma kama ndiyo baiskeli bora kwa kila mtu. Karani wa Manchester au mwalimu wa Chicago aliyeinunua alijikuta anakwenda kazini kwa chombo kilichoundwa kwa ajili ya mtu anayelipwa kushinda. Mvua iliponyesha, gharama ya ushindi wa mwingine aliilipa yeye kwa mgongo wake.

Ndipo ikazuka kazi ya mafundi ya kurudisha madigadi mahali ilipofukuzwa, nayo ni kazi ya subira. Kanuni yake ni nyepesi kuitamka: madigadi iwe pana kuliko tairi kwa kadiri ya milimita 10, ikae mbali nayo kwa kadiri hiyo hiyo, isiguse tairi wala kuizuia breki. Pale ambapo mwanya hauruhusu, fundi ana njia kadhaa. Aweza kufunga tairi nyembamba zaidi na kujipatia milimita mbili au tatu. Katika baiskeli ya zamani yenye rimu za kipimo cha inchi 27, ambazo kipenyo chake ni milimita 630, aweza kuweka rimu za milimita 622. Gurudumu hushuka kwa milimita 4, mradi breki ziweze kuifikia rimu mpya. Aweza kuipunguza madigadi pembeni kwa mkasi na tupa ili ipenye kati ya miguu ya uma. Na penye dhiki kubwa kabisa huikata vipande viwili, kimoja kikakaa mbele ya breki na kingine nyuma yake, vikishikwa kwa vibati vyembamba. Maji machache yatapenya palipokatwa, lakini yaliyo mengi yatazuiwa. Pasipo na vitundu, vishikio hufungwa kwa mikanda ya mpira au vibano vilivyovikwa mpira ili visiikwaruze fremu.

Kazi hii ina hatari yake, na mwalimu anayewafundisha vijana ufundi asiache kuitaja. Kijiti kikinaswa kati ya tairi na madigadi ya mbele, madigadi huweza kujikunja na kulisimamisha gurudumu ghafla, na mwendeshaji akarushwa mbele. Kwa hiyo vishikio bora vya mbele huundwa ili vichomoke vyenyewe vikivutwa kwa nguvu. Kadhalika, katika fremu fupi, ncha ya kiatu huweza kuigonga madigadi wakati wa kukata kona polepole. Fundi mwema hulizungusha gurudumu mara nyingi, huugeuza usukani kushoto na kulia, na hukaza kila nati kabla ya kumkabidhi mtu baiskeli yake.

Katika karne ya 21 mambo yamegeuka. Vipimo vimeonyesha kuwa tairi pana kidogo, yenye upepo wa kadiri, haipotezi kasi kama ilivyodhaniwa, na washindani wenyewe wakahamia milimita 25, kisha 28 na zaidi. Breki za diski, ambazo ziliruhusiwa rasmi katika mbio za barabarani za kulipwa mwaka 2018, zimeiondoa breki iliyokuwa ikikaa juu ya tairi na kuiziba njia. Waundaji wengi wameufungua tena mwanya, na baadhi yao wamevirudisha vitundu vya skrubu. Kile alichokijua mwundaji wa baiskeli ya kazi, mbio zimekuja kukikubali baada ya safari ndefu.

Historia hii si ya Ulaya peke yake. Baiskeli za mitumba zitokazo ng'ambo hufika katika masoko yetu, na miongoni mwake zimo za mbio zenye mwanya wa kubana. Kijana huvutiwa na wembamba wake na kuidharau Phoenix ya babu yake kuwa ni chombo cha kizamani. Hatumkatazi kuipenda mashine nyepesi. Tunamtaka aulize swali ambalo kila taifa linalochagua vyombo vyake halina budi kuliuliza: kitu hiki kiliundwa kwa ajili ya nani, na kwa njia ya namna gani? Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Baiskeli ya babu ilikuwa na nafasi ya matope kwa sababu mwundaji wake alikubali kuwa matope yapo.

Kwa hiyo twawashauri walimu wawatoe wanafunzi nje ya darasa wakapime kwa rula mwanya wa kila baiskeli iliyopo shuleni, waandike ukubwa wa tairi, na waseme kila moja yafaa kazi gani na mvua gani. Watakuwa wamejifunza hesabu, ufundi na historia kwa wakati mmoja. Na wakiongeza kuuliza ni nani atakayekuwa nyuma ya gurudumu lile siku ya masika, watakuwa wamegusa jambo lililo kubwa kuliko baiskeli, nalo ni wajibu wa kila atanguliaye njiani kumkumbuka amfuataye.