Rigobert Song

Rigobert Song (amezaliwa 1 Julai 1976) ni beki wa kati mstaafu wa Kamerun, aliyechezea timu ya taifa, Simba Wasiofugika, mechi 137. Alitolewa kwa kadi nyekundu dhidi ya Brazil kwenye Kombe la Dunia 1994 akiwa na miaka 17 tu, na tena dhidi ya Chile mwaka 1998. Ukali huohuo ndio uliomfanya nahodha wa kutegemewa. Katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika 2000 mjini Lagos, mbele ya mashabiki wa Nigeria, alifunga penalti ya ushindi. Kamerun ilitetea kombe hilo 2002. Alichezea Metz, Liverpool na Galatasaray, akastaafu 2010. Baadaye aliifundisha timu ya taifa, iliyoifunga Brazil 1–0 kwenye Kombe la Dunia la Qatar 2022.