Anayebeba Mgonjwa Salamabila Hana Cheti

Tarehe 15 Julai 2026 sheria namba 16/015 inatimiza miaka 10. Ndiyo iliyounda Baraza la Wauguzi nchini Kongo, na kwa taaluma iliyodharauliwa muda mrefu ni jambo la kujivunia. Lakini huku Salamabila, kusini mwa Maniema, wa kwanza kumgusa majeruhi si muuguzi. Shimo la dhahabu likiporomoka upande wa Namoya, wa kwanza ni mchimbaji mwenzake, wa pili ni motari, dereva wa pikipiki ya abiria. Vijijini ndani bado ni kipoyi, machela inayobebwa na wanaume wanne wakipokezana mabegani. Hakuna aliyewahi kuwapa cheti chochote, na kwa nini hali ni hiyo ni historia ndefu.

Wabelgiji walifungua shule ya wasaidizi wa madaktari Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1936. Hao walipasua, walizalisha, waliendesha wodi, ila jina la daktari hawakuruhusiwa. Uhuru ulipofika mwaka 1960 Kongo haikuwa na daktari hata mmoja mzalendo. Shirika la Afya Duniani likawapeleka wasaidizi kama 60 Ufaransa, na mwaka 1963 wengi wao wakarudi na udaktari. Mikono ilikuwa ile ile iliyokuwa ikishona vidonda kabla ya safari.

Sura inayotuhusu zaidi iliandikwa hapa kwetu, Kasongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Chuo cha Tiba ya Tropiki cha Antwerp, pamoja na Wakongo, kilianza Mradi wa Kasongo. Daktari alibaki hospitalini; pembezoni vikawekwa vituo vya afya, kila kimoja kikikusudiwa kuhudumia watu wapatao 10,000, na ndani yake muuguzi mwenye maelekezo yaliyoandikwa hatua kwa hatua: ukiona hiki, uliza kile; ukikuta kile, fanya hivi au mpeleke hospitali. Kisha msimamizi alikuja, akakaa naye, wakapitia kazi pamoja. Anayesoma taarifa waliyoitoa mwaka 1981 anaona kwamba kwao mafunzo hayakuishia siku ya kupewa diploma. Naamini hawakukosea.

Ndipo ugomvi ukazuka, na ulivuka bahari. Mwaka 1979 Julia Walsh na Kenneth Warren, Wamarekani, walitoa hoja kwamba nchi maskini zisisubiri huduma kamili. Zichague magonjwa machache yanayoua sana na kuyapiga hayo kwanza. Kwa hesabu hiyo mfanyakazi wa kijijini angetosha akijua mambo machache tu: kuchanja, kuchanganya maji ya chumvi na sukari, basi. Watu wa Kasongo walikataa. Mwaka 1981 walichapisha katika jarida la Lancet takwimu za watoto wa hapa waliochanjwa surua: walinusurika zaidi mwanzoni, lakini kadiri walivyokua tofauti kati yao na wasiochanjwa ilipungua. Maana yake, walisema, mtoto dhaifu akiepuka surua huenda akachukuliwa na ugonjwa mwingine, ikiwa anayemhudumia anajua surua peke yake.

Takwimu hizo zilipigwa vikali. Peter Aaby, aliyefanya utafiti Guinea-Bissau, alipata kinyume kabisa, na chanjo ya surua imethibitika kuokoa maisha ya watoto wengi mno. Katika hilo Kasongo ilishindwa. Lakini swali lake halijajibiwa: anayekutana na mgonjwa wa kwanza afundishwe jambo moja, au afundishwe kumwona mtu mzima? Inauma kwamba mji uliouliza swali hilo mbele ya dunia nzima bado unasubiri jibu.

Baadaye mfumo wa zoni za afya, yaani hospitali na vituo vyake, ukaenea nchi nzima, shule za uuguzi zikaongezeka, kisha vikaja vita. Kampuni ya dhahabu ya Banro ilisimamisha mgodi wa Namoya mwaka 2019 baada ya mashambulizi. Wachimbaji wa mikono walibaki, na majeraha yalibaki.

Tungeweza kuiga wengine. Nchini Ghana, ambako hakukuwa na huduma rasmi ya magari ya wagonjwa, madereva 335 wa magari ya abiria walifundishwa huduma ya kwanza kwa saa sita tu; matokeo yalichapishwa mwaka 2002, na walipofuatiliwa, kazi yao ilikuwa bora kuliko ya awali: kuzuia damu, kufungua njia ya pumzi. Saa sita motari wa Salamabila anazo. Mwalimu hajaja.

Leo mgonjwa anakalishwa katikati, kati ya motari na ndugu yake, kuelekea Kasongo. Ndugu huyo amemkumbatia kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine ameinua chupa ya serumu juu, na licha ya matope yote ya barabara hiyo hathubutu kuishusha.