Gasketi za Makava ya Injini ya Pikipiki za Zamani (Carama, Bujumbura)

Gasketi ya kava ni kipande chembamba, aghalabu cha karatasi ngumu, kinachokaa kati ya kizimba cha injini na kava lake ili oili isitoke nje. Makala hii inahusu makava ya pembeni, la klachi na la magneti, katika pikipiki zilizotumika miaka mingi, hasa zile za abiria katika mtaa wa Carama, kaskazini mwa Bujumbura nchini Burundi. Gasketi ya silinda hedi, yenye kazi ya kuzuia mgandamizo wa mlipuko, haimo humu.

Mazingira

Carama iko Kinama, katika eneo la Ntahangwa, kwenye tambarare ya Imbo yenye joto karibu mwaka mzima. Machi 2022 serikali ilizuia pikipiki za abiria, bajaji na baiskeli kuingia katikati ya mji, hatua iliyosukuma kazi ya motari (waendesha pikipiki za abiria) kwenye mitaa ya pembezoni kama huu. Safari za huko ni fupi, zenye vituo vingi na gia ndogo, kwa hiyo injini hupata joto na kupoa mara nyingi kwa siku. Aluminiamu ya kava hutanuka kuliko boluti za chuma zinazolishika. Kwa miaka, kutanuka na kusinyaa huko hukausha karatasi na kulegeza boluti, na vumbi likishika kwenye oili hufunika dalili za mwanzo.

Chanzo cha uvujaji

Tiba iliyozoeleka oili inapoonekana kwenye kava ni kuongeza gundi ya silikoni. Tiba hiyo inachukulia kwamba kilichopungua ni gundi, ilhali gasketi hufaulu kwa mambo matatu: nyuso mbili zilizonyooka, mbano ulio sawa pande zote, na shinikizo dogo ndani ya kizimba. Moja likikosekana, hakuna gundi itakayodumu. Nyuso huharibiwa zaidi na mafundi kuliko na barabara, kwa sababu bisibisi ikisukumwa kati ya kava na kizimba ili kulibandua huacha mfereji, na oili hufuata mfereji huo hata gasketi ikiwa mpya. Mbano huharibika boluti zinapochanganywa. Boluti za kava moja mara nyingi hutofautiana urefu. Iliyo ndefu ikitiwa kwenye tundu fupi hugota mwisho kabla ya kukandamiza kava, na mkono wa fundi hudhani imekaza.

Shinikizo ndilo linalosahaulika zaidi. Ringi za pistoni zikichakaa, gesi ya mlipuko hupenya hadi chini ya pistoni na kujaa ndani ya kizimba. Injini ina mpira wa kupumulia kwa ajili hiyo. Ukizibwa kwa tope au ukikunjwa, gesi hutafuta njia nyingine, na njia rahisi ni gasketi na sili za shafti. Hii ndiyo sababu pikipiki iliyobadilishwa gasketi mara kadhaa huendelea kulowa, wakati kuzibua mpira huo hakugharimu kitu. Tena, mahali oili inapodondoka si lazima pawe ndipo inapotokea, kwani upepo wa mwendo huisukuma nyuma na chini. Sili ya shafti ya gia huvuja mara nyingi, na lawama ikaliangukia kava. Njia ya kuaminika ni kuosha injini, kuikausha, kuipaka poda nyeupe, kuiwasha, kisha kutazama mstari wa kwanza wa unyevu.

Ufungaji

Kazi huanza kwa kumwaga oili na kuchora umbo la kava kwenye boksi, kila boluti ikachomekwa mahali pake ili urefu usichanganywe. Kava hugongwa kwa nyundo ya mpira au ya mbao hadi liachie. Mabaki ya karatasi ya zamani huloweshwa na kukwanguliwa kwa kipande cha mti mgumu au shaba, huku tundu za oili zikizibwa kwa kitambaa. Unyoofu wa kava hupimwa juu ya kioo: likicheza, msasa laini huwekwa juu ya kioo hicho na kava likasuguliwa kwa mwendo wa duara. Pini za kuongozea kava zirudishwe, kwani bila hizo gasketi huteleza na kukatika.

Boluti za milimita 6, zilizo za kawaida kwenye makava haya, huhitaji nguvu ya newtoni-mita 8 hadi 12 hivi. Ni nguvu ndogo, na fundi asiye na spana ya kipimo huizidisha kwa urahisi, akang'oa nyuzi za aluminiamu. Zikazwe kwa mzunguko wa kupishana, hii na iliyo mkabala nayo, kwa hatua mbili au tatu.

Hoja ya silikoni

Watetezi wa silikoni wana hoja tatu zenye uzito. Ya kwanza, kwamba viwanda vyenyewe hutumia gundi ya majimaji katika injini nyingi mpya. Ni kweli, lakini injini hizo zilichongwa zikutane chuma kwa chuma. Injini iliyoundwa kwa karatasi, yenye unene wa nusu milimita hivi, huihesabu karatasi hiyo kama kipimo: ikiondolewa, kava husogea ndani, na katika baadhi ya injini nafasi ya shafti au ya mkono wa klachi hubadilika. Silikoni iliyozidi nayo hutokeza kwa ndani, hukatika vipande na kuishia kwenye chujio la pampu ya oili. Katika injini kama za Bajaj Boxer, ambazo kemshafti yake iko juu kwenye hedi na hutegemea pampu hiyo, kuziba huko ni hatari kubwa kuliko uvujaji uliokuwa ukitibiwa.

Ya pili ni bei na upatikanaji. Burundi haina bahari. Spea nyingi hupitia bandari ya Dar es Salaam, na gasketi halisi ya pikipiki ya zamani huweza kukosekana. Lakini mbadala wake ni karatasi ya gasketi inayouzwa kwa shiti, ikachorwa kwa kava lenyewe na kukatwa kwa mkasi, matundu yakatobolewa. Ikiwa na unene ule ule na kupakwa grisi kidogo, hufanya kazi vizuri. Boksi la kawaida halifai, maana hunywa oili. Silikoni ibaki kwa mikwaruzo na maungio ya vizimba: utando mwembamba, na kusubiri takriban saa 24 kabla ya kutia oili, subira ambayo motari anayelipa hesabu ya kila siku haipati kirahisi.

Ya tatu ni kwamba pikipiki kuukuu yafaa kuongezewa oili tu. Lakini injini hizi hubeba takriban lita moja, na nyingi hazina taa ya kuonya. Upungufu usioonekana huua injini, na oili ikifika kwenye tairi la nyuma humwangusha abiria.

Historia

Pikipiki za Uingereza, zenye vizimba vilivyounganishwa kwa wima, zilijulikana kwa kuvuja. Honda CB750 ya mwaka 1969 ilitumia kizimba kilichogawanywa kwa ulalo, na sifa ya injini kavu ikahamia Japani.

Usalama

Gasketi za zamani huweza kuwa na asbesto. Zikwanguliwe zikiwa zimeloa.

Hali ya sasa

Uhaba wa mafuta ulioikumba Burundi katika miaka ya karibuni umepunguza safari, ila haukuondoa uchakavu uliokwishatokea kwenye pikipiki. Kwa fundi wa Carama, mpangilio unaotetewa na ushahidi ni huu: kwanza mpira wa kupumulia, pili uso wa kava, tatu boluti, nne karatasi, na mwisho silikoni, tena kidogo.