Kitendawili cha haki na kitendawili cha kuonea

Wadau, leo siasa tuiweke pembeni kidogo. Nina swali moja tu: fumbo linakuwa la haki lini, na lini linakuwa la kumwonea anayelifumbua?

Waingereza wamelibishania sana swali hili. Yale mafumbo ya kujaza herufi kwenye vijumba vyeupe na vyeusi tunayoyaona magazetini yalianzia Marekani. La kwanza lilitungwa na Arthur Wynne, likatoka kwenye gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Yalipofika Uingereza, katika miaka ya 1920, mtunzi mmoja aitwaye Edward Powys Mathers, aliyejificha nyuma ya jina la Torquemada, akayafanya kuwa ya kuzungusha akili: dokezo linakuonyesha njia ya kulia, kumbe jibu liko kushoto. Baadaye wenzake wakaona bila kanuni mchezo utaharibika. A. F. Ritchie aliandika juu ya hilo mwaka 1949, na D. S. Macnutt akatoa kitabu kizima mwaka 1966. Kwa ufupi walisema hivi: mtunzi ruksa kukupoteza njia, lakini si ruksa kukudanganya. Jibu likishajulikana, kila neno la dokezo lionekane lilikuwa na kazi yake.

Sasa tusidhani haya ni mambo ya Ulaya peke yake. Edward Steere, yule mmisionari wa Zanzibar, alinukuu katika karne ya 19 mchezo wa watu wa huko uitwao kinyume: silabi ya mwisho unaileta mbele, "kitabu" kinakuwa "bukita". Asiyejua anatoka kapa. Lakini ukishaambiwa kanuni, hakuna neno linalokushinda. Huo ndio ugumu wa haki.

Halafu tuna kitendawili chenyewe. "Kitendawili!" "Tega!" Mkishindwa, mtegaji anadai mji. Mnampa Karatu, anajisifu amefika Karatu, amekula na kunywa, ndipo anawafumbulia. Na hapo ndipo haki inapopimwa. Jibu likiwa zuri, watu wanaguna "aah!" na kucheka. Likiwa bovu wanabisha hapohapo, na mtegaji lazima ajitetee.

Chukua hiki: "Afuma hana mshale." Jibu ni nungunungu. Kusema kweli nungunungu harushi miiba yake, inachomoka tu ikimgusa adui. Kwa kanuni za Macnutt, mtegaji angebanwa hapo. Lakini kwa watu wanaoishi karibu na msitu wa Ngorongoro, ambao wamewahi kumwona mbwa akirudi na miiba puani, mshale huo unaeleweka. Maana yake haki ya fumbo haikai kwenye maneno tu, inakaa pia kwenye kile ambacho mtegaji na mteguaji wote wawili wamekiona.

Na hapa Karatu na Ngorongoro ndipo mahali pa kulielewa jambo hili, kwa sababu ni sehemu chache sana Afrika zenye mchanganyiko wa lugha kama huu. Wairaqw wana lugha ya Kikushi, Wamaasai na Wadatoga wana lugha za Kiniloti, Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wana lugha yao isiyo na ndugu, na wafanyabiashara wengi waliohamia mjini wanatoka kwenye lugha za Kibantu. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Lakini vitendawili vya Kiswahili vingi vilizaliwa pwani.

Mfano: "Kuku wangu katagia miibani." Jibu ni nanasi. Mtoto wa Bagamoyo anajua nanasi linakaa katikati ya majani yenye miiba. Mtoto wa Endulen, kwenye baridi na ng'ombe, nanasi akiliona basi analiona mnadani, limeshakatwa. Hata awe na akili kama wembe, hana pa kuanzia.

Usiku nyumbani hilo si tatizo, anabisha na kufundishwa. Tatizo limekuja tulipokipeleka kitendawili kwenye karatasi. Mtihani wa Kiswahili wa darasa la saba umekuwa na maswali ya vitendawili kwa miaka mingi, na karatasi haibishiwi. Haikuulizi umeonaje. Mji ukitolewa hapo, anayeutoa ni mtoto, na mji wenyewe ni nafasi ya sekondari.

Sisemi vitendawili viondolewe. Nasema anayevitunga ajiulize kwanza kama kila mtoto amewahi kukiona kinachoulizwa. Tena inawezekana. Sikia hiki nilichokitunga mwenyewe nikifikiria mashamba ya Mang'ola: "Namkata yeye, nalia mimi." Mtoto wa Mang'ola atakijua, wa Endulen atakijua, wa Kariakoo naye atakijua.

Haya mdau, mkishindwa nipeni mji.