Projekta Yako Haijaharibika, Ni Historia ya TV Inakusumbua

Hapa Masimba picha ikififia ukutani, nyasi za uwanja zikageuka kijivu na jezi nyeusi ikakaa kama imepakwa jivu, watu wote ni mafundi na jibu ni moja: balbu imeisha. Mwenye ukumbi anaagiza balbu Nairobi, pesa za kiingilio za wikendi kadhaa zinaenda, na siku ya mechi picha ni ile ile. Manze, mara nyingi balbu haina makosa. Shida ilianza 1982.

Lakini turudi nyuma zaidi. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, makao yake Vugiri, milima ya Usambara, Tanganyika. Lori lao lilibeba projekta hadi Kenya na Uganda, likionyesha filamu za milimita 16. Sauti haikuwa ndani ya filamu, ilikuwa kwenye sahani ya santuri. Kwa hivyo mwonyeshaji alikuwa na mitambo miwili, na ikikosa kuelewana, watazamaji ndio wanaumia. (Ajenda ya wakoloni kwenye hizo filamu ni stori ya siku nyingine.)

Sasa weka laptopu mahali pa santuri.

TV ilifika Kenya 1962. Zile TV za kichogo hazikuwa sawa pembeni, kwa hivyo zilikuwa zinakata kingo za picha kidogo ndio usione uchafu. Halafu 1982 wahandisi wakakubaliana jinsi ya kugeuza picha ya TV kuwa namba: nyeusi iwe 16, nyeupe iwe 235, nafasi ya juu na chini ibaki ya akiba. Kompyuta nayo ililelewa nyumba tofauti. Kwake nyeusi ni 0 na nyeupe ni 255. Enzi za VGA, ile plagi ya bluu ya IBM ya 1987, hakukuwa na ugomvi huu. HDMI ilikuja mwisho wa 2002, ikiletwa hasa na kampuni za TV, na ikaleta hizo tabia za TV. Leo laptopu ikichomekwa kwa projekta inaweza kudhani imeona TV.

Hapo ndipo mnachanganyikiwa. Laptopu ikituma 16 kama nyeusi, na projekta inangoja 0, unapata kijivu. Ukiwa na haraka unaongeza Brightness, na unazidi kuharibu, kwa sababu kwa projekta nyingi hiyo inainua nyeusi. Kinyume chake ni kibaya zaidi, kwangu mimi: laptopu inatuma kutoka 0, projekta inaanzia 16, na kila kitu chenye giza kinamezwa. Filamu yetu iliyopigwa usiku, waigizaji wenye ngozi kama yangu, unabaki unaona meno na macho. Watu wanasema filamu za Kenya zina picha mbovu. Wamewahi kuangalia menyu?

Ingia settings za kadi ya picha kwa laptopu, tafuta Full na Limited. Kisha menyu ya projekta, tafuta Video Range au HDMI Range. Zote mbili ziseme kitu kimoja. Kama chini ya skrini ya Windows imekatwa, hizo ni kingo za TV ya kichogo bado zinaishi: zima Overscan.

Na kwa watu wa ligi ya Uingereza: TV ya kule inaenda mara 50 kwa sekunde, laptopu yako ni 60. Ndio maana kamera ikifuata winga, picha inarukaruka. Kama projekta inakubali, weka 50 Hz kabla ya mechi, na uirudishe 60 ukimaliza.