Kamani

Fundi wa Darajani, Zanzibar, akiifungua bunduki ya mchezo wa video, ile inayokurudisha mkono nyuma kila ukifyatua, atakuta koili ya waya wa shaba, kipande cha chuma na springi. Umeme ukipita, koili huwa sumaku na kukivuta chuma kwa kishindo. Ukikatika, springi hukirudisha mahali pake. Springi ikivunjika, chuma hukwama na mkono hausikii kitu. Mara nyingine ugonjwa wote ni huo: koili nzima, waya mzima, springi imechoka.

Springi hiyo ina jina la siku nyingi: kamani. Asili yake ni Kiajemi, kaman, yaani upinde, na Wahindi nao huiita springi kamani. Limekaa mahali pake hasa, maana upinde ukiupinda unataka kurudi.

Waliokuwa wakitia saa ufunguo Mji Mkongwe walilijua vizuri. Leo limebaki zaidi kwenye kamusi, na ni hasara. Mafundi, liandikeni kwenye risiti zenu: kubadilisha kamani.